Bitiruti Katika Bustani ya Nyumbani: Usiogope Kung'oa Miche

Ndugu mkulima, ukinunua pakiti ya mbegu za bitiruti, mimina chache katika kiganja chako kabla ya kuchukua jembe. Utaona vitu vidogo vya rangi ya udongo, vigumu, vimekunjamana kama kokoto. Si laini na mviringo kama mbegu za sukuma wiki, wala si bapa kama za nyanya. Watu huviita mbegu, nami nitaviita hivyo, lakini kwa kweli kila kimoja ni kifurushi. Ndani yake mna mbegu mbili, tatu, pengine nne, zilizoshikamana tangu zilipokuwa maua. Ukifukia kimoja, huota miche miwili au mitatu mahali pamoja, shingo kwa shingo. Siku hizi ziko aina chache ambazo hutoa mche mmoja tu, na pakiti yake husema hivyo, lakini zile zinazouzwa sana madukani kwetu, kama Detroit Dark Red na Crimson Globe, ni za vifurushi.

Karibu malalamiko yote ninayoyasikia juu ya mboga hii yanaanzia hapo.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Kazi yangu ni kuandika barua, kutunza daftari na kupokea wageni wakati bwana shamba yuko nje. Lakini nilisomea ualimu kabla ya kuja ofisini, na watu huniita Mwalimu hata leo. Basi mtu akimkosa bwana shamba hukaa kwenye benchi mbele ya meza yangu, akapumzika kidogo, kisha akaanza. "Mwalimu, bitiruti zangu zimetoa majani tu." Mwingine husema, "Mwalimu, niliuziwa mbegu mbovu, hazina viazi." Nimeyasikia hayo kutoka kwa watu wa Voi, wa Mwatate, na wa mashamba ya skimu upande wa Taveta ambako maji ya mifereji hayakosekani. Ninapouliza kama walipunguza miche, wengi huangalia chini.

Sababu ya kutopunguza si uvivu. Mama mmoja wa skimu ndiye aliyenifundisha jambo hili. Ilikuwa 2022, mwaka ambao mvua zilitushinda mara kwa mara katika wilaya zetu hizi, na nyumba yake ilikuwa imepoteza mbuzi kadhaa. Alikuwa na tuta moja la bitiruti nyuma ya jiko, lililonyweshwa kwa maji ya kubebwa kichwani. Miche ilikuwa imeota mingi na imebanana kama manyoya ya kondoo. Nikamwambia apunguze, abakize mmoja mmoja. Akanitazama kama mtu aliyesikia neno baya. "Mwalimu," akasema, "kila kitu kinakufa hapa. Mahindi yamekufa, majani ya ng'ombe yamekufa. Hiki kimoja kimekubali kuota, nawe waniambia nikiue?"

Sikuwa na jibu siku ile. Ukiwa umesoma kitabu ni rahisi kusema "punguza miche hadi nafasi ya inchi tatu". Mtu aliyebeba maji kilomita mbili ili mche uote huona jambo jingine. Tukakubaliana kufanya jaribio kama tulivyokuwa tukifanya na wanafunzi. Mistari mitano angeipunguza, na mistari mitano ingine angeiacha kama Mungu alivyoiotesha. Maji yangekuwa sawa na samadi sawa. Alipunguza ile mitano kwa mkono wake mwenyewe, polepole, na ile miche aliyong'oa hakuitupa. Aliiosha, akaikata na kuipika na kitunguu, na watoto wakala kwa ugali. Bitiruti ni wa jamaa moja na mchicha, na majani yake huliwa vivyo hivyo.

Baada ya wiki tisa hivi alinipigia simu. Mistari iliyopunguzwa ilikuwa na viazi vya ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ile ingine ilikuwa na majani marefu, na chini mizizi myembamba kama kidole, iliyosokotana kama kamba. Maji ya mistari yote yalikuwa yametoka kichwani pake. Tangu siku hiyo sijapata kuhubiri juu ya kupunguza miche. Nawaambia watu wafanye mistari miwili wajionee, na wale wanachong'oa.

Sasa na tuseme namna ya kupanda tangu mwanzo.

Kwanza ujue bitiruti inapenda nini. Asili yake ni mmea wa porini unaoota kando ya bahari huko Ulaya na kuzunguka Bahari ya Kati. Kwa hiyo hupenda ubaridi wa wastani, nyuzi 15 hadi 20 hivi, na huvumilia chumvi kidogo ikiwa imekwisha kukua. Wale wenzetu wa Wundanyi, Werugha na Mghange wana bahati. Wundanyi iko mita 1,400 hivi juu ya bahari, na Vuria, kilele cha milima yetu, ni mita 2,208. Huko bitiruti hustawi karibu wakati wote penye maji. Voi iko chini, mita 600 hivi, na joto lake mnalijua. Bitiruti ya Voi iliyokomaa katika Februari huwa na pete nyeupe ndani, utamu umepungua, na nyuzi zake ngumu. Kwa hiyo, wewe wa Voi, Maungu au Mwatate ya chini, panda kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, ili ikue katika ile miezi ya baridi yetu, Juni hadi Agosti. Kama una mpapai au mti mwingine wenye kivuli chepesi upande wa jua la alasiri, tuta likae hapo. Kivuli kizito hakifai.

Nilipopanda kwa mara ya kwanza nilikuwa Voi, na nilipanda katika Januari. Sikuuliza mtu, maana nilijiona msomi. Nikamwagilia kwa maji ya kisima ambayo hata chai ilikuwa haitaki. Hakuna kilichoota ila magugu. Nikarudi kwa mwenye duka kumgombeza kwa mbegu zake, naye akanirudishia fedha kwa aibu. Baadaye ndipo nilipojifunza kwamba kosa lilikuwa langu. Bitiruti kubwa huvumilia maji ya chumvi, lakini mbegu inayotaka kuota haivumilii, tena udongo ulikuwa moto kama kikaango. Wewe usifanye hivyo. Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, weka akiba ya maji ya mvua au ya bomba kwa ajili ya wiki mbili tatu za kwanza. Baada ya hapo waweza kuchanganya.

Udongo uwe laini na wenye kina, usio na mawe. Uchimbe futi moja kwenda chini na uvunje mabonge. Samadi iwe imeoza kabisa, imekuwa nyeusi na haina harufu. Samadi mbichi huharibu bitiruti kwa njia mbili: mzizi hugawanyika kama miguu ya mtu, na nguvu zote huenda kwenye majani. Ni afadhali zaidi kupanda mahali ulipovuna sukuma wiki au kabichi iliyowekwa samadi msimu uliopita. Milimani, ambako mvua ya miaka mingi imeosha udongo, mara nyingi udongo ni mchachu, na bitiruti haupendi kabisa. Huko nyunyiza jivu la kuni kidogo na ulichanganye, au upeleke udongo ukapimwe kabla ya kununua chokaa. Watu wa chini wasiige jambo hili bila kupima, maana udongo mwingi wa tambarare hauhitaji.

Pahali pa mvua nyingi tuta huinuliwa. Pahali pakavu fanya kinyume: chimba tuta liwe chini kuliko ardhi kwa upana wa kiganja, na ukingo wake uinuke pande zote, ili kila tone unalomwaga likae ndani. Nimeona watu wa Voi wakiinua matuta kama yale waliyoyaona Wundanyi, kisha wanashangaa maji yanakwenda wapi.

Tuta liwe na upana wa mita 1 na urefu wa mita 3. Hiyo yatosha nyumba moja. Usiku ule kabla ya kupanda, loweka mbegu katika maji safi hadi asubuhi, kisha umwage maji hayo. Ganda la kifurushi lina kitu kinachozuia kuota, na maji hukiosha. Chora mistari inayokata tuta, futi moja kutoka mstari hadi mstari, nayo itakuwa 10. Kina kiwe cha inchi moja, pungufu kidogo kwenye udongo mzito. Weka kifurushi kimoja, halafu upana wa vidole vinne, halafu kingine. Usimimine kama chumvi. Gramu 1 ina vifurushi 50 hivi, kwa hiyo tuta zima latumia gramu 3 tu, pengine pungufu. Fukia, kandamiza kwa kiganja, mwagilia kwa kopo lililotobolewa, kisha funika kwa nyasi kavu nyepesi. Miche ikianza kuchungulia, baada ya siku 5 hadi 10, ondoa nyasi juu ya mistari na uziache katikati ya mistari.

Hapo panataka macho. Kuku, kwanza. Kuku huona tuta jipya kuwa ni meza yao. Zungushia matawi ya miiba au wavu. Viwavi wanaokata miche usiku hujificha udongoni kando ya mche uliokatwa, basi asubuhi fukua kidogo kwa kidole na utawapata. Juu ya ndovu siwezi kusema sana katika ukurasa wa mboga. Nanyi mnaopakana na mbuga ya Tsavo mnajua kwamba ua wa miiba haumzuii. Huko Sagalla wako wakulima waliozungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, kazi iliyoanza huko mwaka 2009, maana ndovu huogopa nyuki. Kwa tuta moja la bitiruti ni gharama kubwa mno. Likae karibu na mlango wa jiko tu.

Miche ikifikia urefu wa kidole, yenye majani mawili matatu ya kweli, ndiyo siku ya kupunguza. Fanya jioni, udongo ukiwa umelowa. Mahali ilipoota mitatu pamoja chagua wenye nguvu. Shika huo kwa vidole vya mkono mmoja ili usitikisike, na mkono wa pili uvute wengine. Kama imeshikamana sana, kata kwa mkasi au ukucha usawa wa udongo, usivute. Kati ya mche na mche pawe na inchi tatu. Ukiona mahali pana pengo, waweza kuhamishia mche mmoja hapo, lakini mzizi wake ushuke wima, maana ukijikunja kiazi hutoka kimepinda. Baada ya wiki tatu rudia tena kidogo. Safari hii utakavyovitoa vitakuwa vimeanza kuvimba kama gololi, navyo ni vitamu kuliko vyote, majani na kiazi hupikwa pamoja.

Sasa maji. Nataka tufanye hesabu, kwa kuwa watu wengi hudanganywa na picha zilizo juu ya pakiti. Tuta la mita 3 za mraba, katika jua la Voi, hunywa lita 15 hivi kwa siku bitiruti zikiwa kubwa. Ni mtungi wa lita 20, usiojaa. Kwa siku 65 ni mitungi 50 hivi, ukitoa zile siku za mwanzo ambapo hunywa kidogo. Utavuna viazi 120 ikiwa hakuna kilichokufa. Tuseme 90. Ikiwa maji yako ni ya bomba au ya mfereji, hiyo ni faida wazi. Ikiwa wanunua maji kwa mtungi, fanya hesabu yako mwenyewe kwa bei ya kwenu, na usipande kwa kuuza. Panda nusu ya tuta, tumia maji uliyooshea mchele na mboga, na ule nyumbani. Sitaki mtu aniambie nilimpotosha.

Maji yatolewe kwa kipimo kilekile. Tuta likikauka siku nne kisha likafurikishwa, viazi hupasuka. Tena ukame huleta ugonjwa mwingine: ukikata kiazi unakuta madoa meusi ndani, magumu kama kizibo. Huko ni kukosa kitu kidogo kiitwacho boroni, ambacho mmea hushindwa kukipata udongo ukikauka au ukiwekwa chokaa au jivu kupita kiasi. Dawa yake ya kwanza ni maji ya kila siku na mboji. Dawa ya dukani ipo, lakini itolewe na bwana shamba kwa kipimo, kwa kuwa ikizidi kidogo huua hata maharage ya msimu ujao. Madoa ya mviringo juu ya majani, yenye ukingo mwekundu, ni ugonjwa wa ukungu. Toa majani hayo uyachome, na mwagilia chini, si juu ya majani.

Vuna viazi vikiwa kati ya yai la kuku na ngumi ndogo. Huku chini ni siku 60 hadi 70, milimani zaidi. Usingoje viwe vikubwa ili jirani asifu, maana hugeuka miti. Ukipanda mistari michache kila wiki tatu badala ya tuta zima siku moja, utakula miezi mingi. Unapokata majani bakiza vidole viwili vya shina, na usikate mkia wala kumenya. Chemsha hivyo hivyo, kisha ganda litatoka kwa kusugua. Ukimenya kwanza, rangi na utamu vyote hubaki sufuriani. Kuna nyumba moja nimekula bitiruti iliyopondwa ndani ya kimanga. Wazee walinung'unika kwa ile rangi, lakini sahani zilirudi tupu. Msishangae utamu huo. Ndugu yake mweupe ndiye anayetoa sukari huko Ulaya. Mtaalamu mmoja wa Berlin, Andreas Marggraf, aliigundua sukari hiyo mwaka 1747, naye alikuwa akitazama mmea wa aina hii hii.

Yako mambo mawili ya kusema juu ya damu. Watu husema bitiruti huongeza damu, na sababu wanayoitoa ni wekundu wake. Wekundu ni rangi tu. Kiazi chake kina chuma kidogo, na majani yana zaidi. Kina foliki ya kutosha, ambayo ni kitu chema kwa mama mjamzito. Lakini mama aliyeambiwa kliniki kwamba damu yake ni kidogo asiache vidonge vyake kwa sababu ana jagi la maji ya bitiruti. Ale bitiruti, ale na majani, na vidonge ameze. Mwenye ugonjwa wa mawe ya figo naye aulize daktari kabla ya kula majani mengi.

Jambo la pili: mzee mmoja alifika ofisini kabla sijafungua mlango, kofia mkononi, akanong'ona kwamba anakojoa damu na hataki mkewe ajue. Nikamuuliza alikula nini jana. Bitiruti, sahani mbili, alikuwa amesifiwa na mjukuu. Kwa watu wengine rangi hupita hivyo, hadi chooni, na kesho yake huisha. Nilimwambia angoje siku mbili bila kula, na kama wekundu ungebaki aende hospitali mara moja. Haukubaki. Waambie na wa kwako mapema, hasa watoto.

Na mbegu ya mwaka ujao? Hili huulizwa na kila mkulima mwenye busara, maana mbegu za mahindi na kunde twajiwekea wenyewe. Bitiruti haifanyi hivyo. Mwaka wa kwanza huweka chakula katika kiazi, kisha hutaka majuma mengi ya baridi kali ndipo itoe ua. Voi na Taveta baridi hiyo hakuna. Ukiacha kiazi ardhini kingojee maua kitazeeka tu, na hata milimani si jambo la kutegemea. Basi nunua pakiti ndogo, iliyofungwa vizuri, yenye tarehe. Mbegu zinazobaki zitie katika chupa kavu yenye kifuniko pamoja na kipande cha mkaa kilichofungwa kwa kitambaa, uweke mahali penye ubaridi mbali na jiko. Zikiwekwa hivyo huota hata baada ya miaka mitatu au minne. Ukiwa na wasiwasi, weka 10 katika kitambaa kilicholowa kwa wiki moja uhesabu zilizoota, na ukumbuke kuhesabu vifurushi, si miche.